Corolla 110: pedeli ya breki inazama taratibu kwenye foleni. Ni masta silinda au kitu kingine?

#1 Mtaa_wa_Pili
Wakuu habari. Gari ni Corolla 110 ya 1998, injini 5A, mbele diski, nyuma dramu, haina ABS. Wiki iliyopita zimebadilishwa pedi za mbele na mpira wa breki wa mbele kulia (wa zamani ulikuwa na nyufa), kisha upepo ukatolewa kwenye mabomba ya breki za matairi yote manne. Tangu siku hiyo kuna mambo mawili.

La kwanza, ukikanyaga mara ya kwanza pedeli inaenda chini sana, ukikanyaga ya pili inapanda. La pili, ukisimama kwenye foleni injini inawaka na mguu uko juu ya breki, pedeli inazama polepole kama sentimita 2 hivi.

Chini ya gari hakuna hata tone. Kikopo cha mafuta ya breki kimeshuka kidogo sana. Fundi anasema masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedeli) imekufa, ninunue nyingine. Kuna namna ya kuthibitisha kabla ya kutoa hela?

#2 Spana13
Fundi yuko sahihi. Pedeli inayozama bila kuvuja nje, mafuta yanapita ndani ya masta kuzunguka raba za pistoni. Na sababu ni hiyo kazi ya wiki iliyopita. Kwenye gari la miaka 25, pistoni za masta zimezoea kutembea eneo fupi tu la silinda. Mbele ya hapo pana kutu na uchafu ambao haujawahi kuguswa. Msaidizi anapopampu mpaka sakafuni wakati wa kutoa upepo, raba zinaingia kwenye eneo hilo na kukwaruzika. Ndiyo maana huwa tunaweka kipande cha ubao chini ya pedeli isifike mwisho.

#3 Dramu200
Spana13 hapo kwenye ubao nakuunga mkono, lakini umerukia hukumu. Mleta uzi ametaja dalili mbili, na hii ya kwanza si ya masta. Kanyagio la kwanza chini, la pili juu: hiyo ni nafasi kubwa kati ya breki shuu (zile zinazopanuka na kubana ndani ya dramu) na dramu za nyuma. Mafuta ya kanyagio la kwanza yanaishia kuzisogeza shuu, la pili ndilo linalobana.

Jaribio halina gharama. Gari likiwa limesimama, vuta hendibreki mpaka ikaze, halafu kanyaga breki. Pedeli ikipanda na kuwa fupi, tatizo liko nyuma. Isipobadilika, nyuma hakuhusiki, tafuta kwingine. Pia hesabu mlio wa hendibreki unapoivuta. Ikizidi 8 au 9 kabla ya kukaza, nyuma kumelegea.

#4 BreziBrezi
Naunga mkono #3. Na mkuu, usilitembeze hilo gari mpaka ujue, hata kwenda dukani.

#5 Nipeli_Juu
Nyote mmeruka upepo. Mpira mpya umefungwa, maana yake mfumo ulifunguliwa na upepo uliingia. Angalia kitu kimoja kabla ya yote: nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa (vibanio vya pedi) za mbele iko juu au chini? Kalipa zikifunguliwa zote mbili na kurudishwa upande usio wake, nipeli inabaki chini. Upepo unakaa juu ya pistoni na hautoki hata mkimaliza lita 3 za mafuta.

Kama nipeli ziko juu, rudieni kwa utaratibu. Bomba la plastiki linaloonyesha, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta safi kidogo. Msaidizi akanyage polepole, ashikilie. Fungua nipeli robo mzunguko, pedeli ishuke, FUNGA, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi kupitia nyuzi za nipeli. Kikopo kisishuke chini ya alama ya MIN hata mara moja, kikikauka mmeanza upya. Tumieni spana ya duara, siyo ya mdomo wazi, nipeli ya zamani inakatika kirahisi. Na isikazwe kwa nguvu za nati ya tairi, inahitaji kukazwa kidogo tu.

#6 Msafiri_A104
Nyongeza kwa #5: anzia tairi la mbali zaidi na masta, yaani nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia kwa dereva.

#7 Dramu200
#6 hiyo unaikuta kwenye magari ambayo mbele na nyuma zimegawanywa. Corolla inayovuta kwa matairi ya mbele imegawanywa kwa mshazari: mbele kulia na nyuma kushoto ni njia moja ya mafuta, mbele kushoto na nyuma kulia ni njia ya pili. Mimi naimaliza njia moja kwanza: nyuma kushoto, mbele kulia, halafu nyuma kulia, mbele kushoto.

#8 Msafiri_A104
Nakubali kuhusu mshazari. Ila mafuta yakiwa safi na kikopo hakijakauka, mpangilio wowote unaoanzia nyuma utakupa pedeli nzuri. Sijaona tofauti ya kipimo kati ya wako na wangu.

#9 HaidroVaki
Kabla hamjaenda mbali: amesema inazama INJINI IKIWAKA. Pedeli kushuka kidogo ukiwasha injini ni afya, ndiyo kazi ya busta, kile kifaa kinachokuongezea nguvu ya kukanyaga breki. Swali ni kama inashuka mara moja na kusimama, au inaendelea kushuka. Fanya hivi:

Zima injini. Kanyaga mara 5 au 6 mpaka pedeli iwe ngumu. Shikilia, washa injini. Ikishuka kidogo na kutulia, busta inafanya kazi.

Acha injini iwake dakika 1 au 2, zima, kanyaga kwa kutulia mara tatu. Kila kanyagio inapaswa kuwa juu zaidi ya lililotangulia. Zikiwa sawa zote, kuna mahali panavuja hewa, mara nyingi ile vavu ya njia moja kwenye bomba la mvuto.

Mwisho, injini inawaka, kanyaga na ushikilie, zima bila kuachia, hesabu sekunde 30. Pedeli isisogee.

Busta mbovu inaleta pedeli NGUMU, siyo inayozama. Kwa hiyo mimi sisemi ni busta, nasema muitoe kwenye orodha kwa kuipima.

#10 Mtaa_wa_Pili
Shukrani wote. Majibu ya jana jioni:
Hendibreki ilikaza kwenye mlio wa 11. Ikiwa imevutwa, pedeli ilipanda wazi, karibu nusu ya safari imepungua. Nipeli za mbele zote ziko juu. Busta imefaulu hatua mbili za kwanza. Ile ya sekunde 30 pedeli ilizama taratibu. Injini ikiwa imezimwa na pedeli imeshakuwa ngumu, nikikanyaga kwa nguvu haizami. Nikikanyaga kwa wepesi, inazama.

#11 Dramu200
Mlio wa 11 na pedeli ikapanda. Nyuma kumelegea, hilo halina mjadala tena.

#12 Spana13
Na hiyo ya kuzama kwa kanyagio jepesi ni masta, hilo nalo halina mjadala. Raba ya pistoni inabana zaidi kadiri presha inavyoipanua. Ukikanyaga kwa nguvu inapanuka na kuziba, ukikanyaga kwa wepesi haipanuki, mafuta yanapita. Kwenye foleni ndivyo mtu anavyoshikilia breki, kwa wepesi.

#13 Chumvi_ya_Kigamboni
Taratibu. "Hakuna tone chini" si sawa na "haivuji". Kuna sehemu mbili zinazovuja na ukuta wa tairi au sakafu ya gereji visijue.

Moja, nyuma ya masta. Sili ya nyuma ikifa, mafuta yanaingia ndani ya busta. Legeza nati mbili zinazoishikilia masta kwenye busta, isogeze mbele kidogo bila kufungua mabomba, chungulia na upapase kwa kidole. Pakiwa na unyevu, masta inatoka. Ukitumia masta nyingine, linganisha urefu wa kile kijiti cha busta. Kikizidi, pistoni hairudi mpaka mwisho na breki zote nne zinashika zenyewe zikipata moto.

Mbili, wili silinda za nyuma, zile silinda ndogo zinazosukuma shuu. Fungua dramu (iking'ang'ania ina matundu mawili ya nyuzi, ingiza bolti za M8 uzikaze kwa zamu, itatoka yenyewe). Kunja ukingo wa raba ya vumbi kwa bisibisi butu. Pakavu ni pakavu. Mafuta yakichungulia ndani ya raba hiyo, silinda imekwisha hata kama hayajafika kwenye dramu.

Na kwa magari yanayolala karibu na bahari, pitisha kidole juu ya mabomba ya chuma yanayokwenda nyuma, hasa yanapopita kwenye vishikizo vya plastiki. Kutu inaanzia humo ambako chumvi na mchanga vinakaa.

#14 JuaKali254
Sasa wadau, kuna kitu mmeacha. Beringi ya tairi ikiwa na mchezo ama diski ikiwa imepinda, inasukuma pedi na pistoni nyuma kila gari ikitembea. Ukikanyaga mara ya kwanza pistoni inarudi mahali pake, ya pili inashika. Dalili ni ile ile ya #3. Piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Diski nayo isicheze zaidi ya milimita 0.05 ukipima na geji ya saa. Na kama diski haikupanguswa kutu pale inapokalia habu kabla ya kurudishwa, hiyo peke yake inatosha kuifanya iyumbe.

#15 Dramu200
JuaKali254 hoja nzuri, lakini ingekuwa hivyo hendibreki isingeipandisha pedeli. Shuu za nyuma hazijui habari za beringi ya mbele.

#16 JuaKali254
Hapo umenishika. Lakini atikise hizo tairi hata hivyo, ni dakika mbili.

#17 Kibuyu_cha_DOT
Mafuta yaliyotolewa yalikuwa na rangi gani? Yakiwa meusi yenye vipande vidogo vya raba, kuna raba inayoliwa mahali. Pia mimina matone machache kwenye glasi ya maji. Mafuta halali ya breki yanayeyuka na kupotea kwenye maji. Yakielea juu kama mafuta ya kupikia, basi kuna mtu aliwahi kuongeza oili ya injini au haidroliki, na raba zote za mfumo huo zimevimba. Hapo si masta peke yake, ni kila raba na kila mpira, na mabomba yaoshwe kwa spiriti.

Kwa gari hili mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yanatosha, DOT 4 ni bora kidogo. DOT 3 mpya inachemka kuanzia nyuzi joto 205, ikishanywa maji inashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155.

#18 Kijana_wa_Spea
DOT 5 je, si ndiyo ya juu zaidi? Niliambiwa ukiweka hiyo husahau breki miaka yote.

#19 Kibuyu_cha_DOT
Usiiweke. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine kabisa. Inayochanganyika ni DOT 5.1, jina linafanana, kitu ni tofauti. Na hakuna ya kusahau, DOT 3 na 4 zinanyonya unyevu wa hewa, miaka 2 ubadilishe. Kopo lililofunguliwa mwaka jana na kukaa kwenye rafu, lipeleke likafanye kazi nyingine.

#20 Nipeli_Juu
Turudi kwenye swali la msingi: kuithibitisha masta. Njia isiyo na ubishi ni kuziba matundu yake. Fungua mabomba kwenye masta, ziba kila tundu, toa upepo hapo hapo, kanyaga. Pedeli ikiwa juu, ngumu kama jiwe na haizami, masta ni nzima na tatizo liko chini. Ikizama huku imezibwa, hakuna pengine pa kulaumu.

Nyuzi ni M10, hatua 1.0. Bolti ya kawaida haizibi vizuri kwa sababu ndani pana kiti cha bomba. Tafuta mabomba mabovu ya breki ya Toyota yenye nati zake, kata sentimita 3 kutoka kwenye nati, ponda mwisho kwa nyundo, kunja, choma kwa shaba. Una vizibo vya maisha. Nati za mabomba zifunguliwe kwa spana ya mabomba namba 10, ile ya duara yenye pengo. Ya kawaida itaziviringisha kona, halafu bomba likatike nawe ubaki na kazi nyingine. Rangi ya bodi ifunikwe, na mafuta yakimwagika, maji mengi papo hapo.

#21 BreziBrezi
Kuna rahisi zaidi: bana mipira mitatu kwa plaizi ya kubana, acha mmoja, kanyaga, halafu badilisha zamu. Utajua tairi lipi linakula safari ya pedeli.

#22 Chumvi_ya_Kigamboni
#21 siyo kwa plaizi yenye meno, na siyo kwa mipira ya miaka 25! Unaipasua ndani bila kuona. Kipande kikining'inia ndani ya mpira kinakuwa kama vavu: mafuta yanaenda, hayarudi, na kesho gari linavuta upande mmoja na rimu inaungua. Kama lazima, tumia kibanio chenye midomo ya duara laini, kwenye mpira mpya pekee.

Na likitokea tairi linashika baada ya breki, legeza nipeli yake. Tairi likiachia, presha ilikuwa imenaswa, tazama mpira. Lisipoachia, pistoni imeganda au pini za kalipa zimekauka. Pini zipakwe grisi ya silikoni ya breki, grisi ya beringi inavimbisha raba zake.

#23 Mtaa_wa_Pili
Fundi amekubali kutengeneza vizibo, kazi imefanyika leo. Masta ikiwa imezibwa pedeli iko juu na ngumu. Kwa kanyagio jepesi la dakika nzima imezama kama sentimita 1, siyo 2. Nyuma ya masta pakavu. Mafuta ya zamani meusi kiasi, kwenye maji yameyeyuka. Dramu ya nyuma kushoto imefunguliwa: ndani ya raba ya vumbi ya wili silinda kuna unyevu. Kulia pakavu. Beringi hazichezi.

#24 Spana13
Imezama ikiwa imezibwa. Nilisema.

#25 Nipeli_Juu
Sentimita 1 kwa dakika, vizibo vya kutengenezwa, upepo umetolewa juu ya gari. Uvujaji mdogo kwenye kizibo kimoja unatosha kukupa hiyo. Futa vizibo kwa karatasi kavu, rudia, tazama kama karatasi inalowa. Kwangu hiyo masta bado haijahukumiwa.

#26 Chumvi_ya_Kigamboni
Na wili silinda yenye unyevu inaeleza kikopo kushuka. Zibadilishe zote mbili, kushoto na kulia, siku moja. Soma kipenyo kilichoandikwa kwenye mwili wake kwa sehemu za inchi, kwa mfano 11/16, kisha linganisha na mpya KABLA ya kuondoka dukani. Zinafanana kwa sura na matundu ya bolti, zikitofautiana kipenyo upande mmoja unabana zaidi. Shuu zikiwa zimelowa mafuta hazioshwi, zinatupwa. Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa, lilowanishe kwa maji ulifute, shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto.

#27 Kijana_wa_Spea
Masta ikihitajika: kiti ya raba (seti ya raba mpya za ndani), mtumba kutoka Japani, au mpya?

#28 HaidroVaki
Kiti ya raba ina maana kama silinda ndani inang'aa. Vuta pistoni, washa tochi, zungusha: ukiona kashimo kadogo au mstari unaokwama kwenye ukucha, raba mpya italiwa ndani ya miezi. Mtumba umri wake ni sawa na wa masta yako, tena umekaa mkavu kwenye rafu, raba zimekakamaa. Mpya ya kiwango ndiyo nafuu. Itolewe upepo mezani kabla ya kufungwa: ibane kwenye vaisi, unganisha mabomba mafupi yanayorudi kwenye kikopo, sukuma pistoni polepole mpaka vipovu viishe.

#29 Msafiri_A104
Nje ya mada kidogo, ila kwa wanaoshuka milima ya Kitonga au Sekenke na magari haya: pedeli ngumu lakini gari halisimami, pedi zimechemka. Pedeli laini inayofika sakafuni, mafuta yamechemka na yametoa mvuke. Ni hali mbili tofauti. Kwa otomatiki zima OD (gia ya juu ya mwendo kasi), shusha kwenye 2 kabla ya mteremko kuanza, siyo katikati.

#30 Dramu200
Mtaa_wa_Pili, swali moja ambalo hatujauliza tangu #1. Siku ile ya pedi, dramu za nyuma zilifunguliwa?

#31 Mtaa_wa_Pili
Ndiyo, zilifunguliwa zote mbili kusafishwa, na ajasta (vijiti vya nyuzi vinavyorekebisha nafasi ya shuu) zikatolewa kupakwa grisi.

#32 Dramu200
Basi zitolewe tena kabla ya kununua chochote. Ajasta ya kushoto na ya kulia nyuzi zake zinapingana. Zikibadilishwa upande, zinajilegeza badala ya kujikaza, na mlio wa 11 utafika 14. Kila moja ikirudi kwake, izungushe mpaka dramu ishike, kisha rudisha meno 8. Au pima kipenyo cha ndani cha dramu na cha nje cha shuu, tofauti iwe milimita 0.6. Soma pia kipenyo cha mwisho kilichoandikwa kwenye dramu, ya milimita 200 haivuki 201.

#33 Spana13
Ajasta haizamishi pedeli kwenye foleni.

#34 Dramu200
Haizamishi. Lakini shuu zikiwa mbali, pistoni za masta zinasafiri mpaka kwenye lile eneo lako la kutu kila anapokanyaga.

#35 Mtaa_wa_Pili
Kesho asubuhi dramu zinafunguliwa. Ajasta, wili silinda mbili, halafu vizibo tena na karatasi kavu. Nitaleta vipimo hapa.